Sitaki ya Salma

Kikwajuni, Unguja
Jumamosi asubuhi

Dada yangu Mwanakombo,

Shikamoo, na kabla hujaitika niambie: mgongo umepoa? Kikohozi cha Baba je? Na huyo mwanao mchanga, jino limetoka au bado anauma vidole vya watu kwa ufizi? Pangani yote naiona nikifumba macho, hata lile zulia la Baba lenye tundu la moto.

Mimi ni mzima, na zaidi ya mzima. Miezi mitatu ya ndoa sasa, Dada, na kila siku naamka nikidhani nimemuota mtu huyu. Selemani akirudi kutoka kibandani kwake anakotengeneza redio, mikono inanuka risasi ya kuchomelea nyaya, na mimi nimeanza kuipenda harufu ile kuliko udi. Na unajua hupiga hodi? Nyumba yake mwenyewe, kodi analipa yeye, naye husimama nje na kupiga hodi. Nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Huenda leo hutaki mgeni." Niliangua kilio cha furaha pale pale mlangoni, akadhani nimeungua.

Shangazi yetu, aliyewahesabu mababu wa Selemani kwa vidole, akawakuta wachukuzi wa mizigo kutoka bara na kutoa hukumu kuwa si kufu yangu, si wa daraja langu, mwambie nimeshaujua ukufu ulivyo. Ukufu ni mume anayepiga hodi.

Lakini sikuandika kwa ajili hiyo. Naandika kwa sababu nyongo imenijaa mpaka kooni, na hapa mtaani hakuna wa kumtapikia.

Mbele ya nyumba yetu, ng'ambo ya kichochoro, anakaa Bi Kazija na kaka yake, Bwana Othman. Wanamlea mtoto wa ndugu yao marehemu, Salma, msichana wa miaka kumi na sita, yatima wa pande zote mbili. Mtoto mpole, macho makubwa, sauti ndogo. Huja kwangu kusoma vitabu vyangu vya skuli, na akimaliza ukurasa huufunika kwa kiganja kama anaulaza.

Basi akatokea mtu wa kumposa: Bwana Kheri, karani wa ghala la mchele. Ana wake wawili na mvi zilizopakwa dawa nyeusi. Hutembea na funguo za ghala kiunoni zikilia, ili watu wajue kuwa mchele unapita. Siku hizi za foleni, Dada, ungewaona wanaume wenye ndevu wanavyokimbilia kumwamkia! Wengine wangezibusu funguo zile kama wangeruhusiwa.

Salma alisema hamtaki. Hakusema zaidi. Na yule bwana, badala ya kuona haya kama waungwana, akaja juu. "Ananikataa kwa sababu babu yangu alikuwa mtumwa! Huu ni ubaguzi! Siku hizi binadamu sote sawa!" Salma hakumtaja babu wa mtu. Lakini neno lile siku hizi ni zito, linaweza kumpeleka mtu kwa wakubwa wa serikali kuulizwa maswali, na nyumba nzima ikaingia baridi.

Cha kuchekesha ni Bi Kazija. Huyu ndiye aliyekuwa haruhusu mtu wa asili ya bara anywee kikombe chake, na nasaba yake ya Hadhramaut, Uarabuni, akiikariri kuliko Alhamdu. Gunia la kwanza la mchele lilipoingia uani kwake, akageuka mhubiri. Usawa, mwanangu! Mtume hakubagua! Kumbe usawa wao unampa mzee haki ya kuchukua na unamnyima msichana haki ya kukataa. Usawa wa namna hiyo hata paka anao na panya.

Jumatano moja Bi Kazija akaja kwangu na sahani ya tende.

"Mwanangu Zuhura, kesho tunaozesha. Tunakutaka ukae na mwari. Weye bi harusi mpya, una nyota."

"Salma amekubali?"

"Alhamdulillahi, moyo umemtulia."

Na mimi mjinga nikafurahi! Tangu niolewe hakuna mtu wa kichochoro hiki aliyenialika hata kuchambua mchele, na leo naitwa harusini. Nikavaa gauni langu la Idi. Selemani akanifunga asumini nywelini kwa mikono yake, akasema, "Nenda mpenzi wangu. Ukiudhika, rudi."

Nilipofika wakanipitisha chumbani, wakanikalisha nyuma ya pazia, wakanifunika ushungi mpaka usoni. Nikauliza, "Salma yuko wapi?"

"Ana homa kidogo," akasema Bi Kazija. "Sasa sikiliza. Sheikh wetu huyu ana wasiwasi. Kwa masheikh wenzake, mwari akinyamaza ndio kukubali, yamekwisha. Yeye lazima asikie sauti. Basi akiuliza, weye sema, 'Naam, nimeridhia.' Maneno mawili tu. Mengine hayakuhusu."

"Nimjibie Salma?"

"Kwani utakatika ulimi?"

"Na yeye mwenyewe anataka?"

"Mtoto ajua kutaka nini? Mtoto ajua kutaka ubuyu!" Wanawake wakacheka.

Hapo nikasikia kitu kikigonga mlango wa chumba cha ndani, polepole, kama mtu aliyegonga tangu asubuhi na mkono umechoka.

Dada, unakumbuka tulivyosomeshwa chuoni, kwenye Kurani? Msichana haozwi mpaka aombwe idhini. Na huyu baba yake amekufa. Ami, kaka wa baba, hana ijbari, hawezi kumwoza kwa nguvu. Tena Mtume alijiwa na msichana aliyeozwa bila kuulizwa, naye akamwachia hiari yake. Haya si maneno ya magazeti wala ya Wazungu, ni ya kwetu, yamo katika vitabu ambavyo Bi Kazija huvifukizia ubani na havifungui. Baba yetu, ambaye ijbari kwangu alikuwa nayo, hakuitumia. Aliniuliza huku anakunja mkeka wa sala, akaacha kuukunja mpaka nilipomjibu.

Sheikh akaja na mashahidi wawili, wakasimama nje ya pazia. Akakohoa.

"Salma binti Juma. Ami yako, Othman, ataka kukuoza kwa Bwana Kheri. Umeridhia?"

Bi Kazija akanifinya paja.

"Salma binti Juma, umeridhia?"

Akanifinya tena, safari hii kwa kucha. Alama ninayo mpaka leo, Selemani huibusu.

Mara ya tatu, sauti ikanitoka yenyewe. "Sheikh, mimi si Salma. Mimi ni mke wa Selemani, fundi redio. Salma yuko chumba cha ndani, na komeo liko nje."

Ungesikia kelele! "Mwongo huyu! Mwana haramu! Mtoeni!" Bwana Othman akaanza kuapa kwa Mungu, na Mungu mwenyewe anaona komeo. Lakini sheikh, ambaye mpaka dakika ile nilimdhania mpenda pilau tu, akasema neno moja. "Fungueni."

Wakafungua. Salma akatoka, kanga moja, macho yamevimba. Sheikh akageuza uso ukutani kwa heshima, akamwuliza kama alivyoniuliza mimi.

"Sitaki," akasema Salma.

Bi Kazija akaruka. "Mwulize kwa nini! Sheikh, mwulize sababu!"

"Sikuja kuuliza sababu," akasema sheikh. "Nimekuja kuuliza kama ataka." Akavaa viatu akaenda zake, na pilau ikabaki sufuriani.

Nje, Bwana Kheri amekaa barazani na joho lake la kuazima. Selemani alikuwa amefika kwa kusikia makelele, na yule bwana akamdaka. "Selemani, wewe mwenzangu! Mimi na wewe asili moja! Umeona wanavyotudharau? Waambie!"

Unamjua Selemani, mtu wa maneno matatu kwa siku. Redio anazotengeneza husema dunia nzima, yeye hasemi. Akamtazama, akasema, "Bwana Kheri, mimi mke wangu nilimwuliza. Wewe ulimwuliza ami yake."

Laiti isingekuwa mchana na watu wametujaa, wallahi ningemkumbatia pale pale!

Toka siku ile tumetengwa. Nikisalimu, watu hugeuza uso. Kwenye foleni ya mchele tukifika mbele, mchele umekwisha. Anayetufuata nyuma, mchele umerudi. Tunakula muhogo, na muhogo anaoupika Selemani kwa nazi ni mtamu kuliko pilau ya makarani wote. Bi Kazija hupitia dirishani kwangu akiwaambia wenziwe kwa sauti, "Aliyeokota mume kibandani ataka na wenziwe waokote!" Bwana Kheri naye akaenda kusema huko kwa wakubwa kwamba nyumba yetu inafundisha ubaguzi. Selemani akaitwa. Siku ile sikuweza hata kuwasha moto. Nilikaa kizingitini tangu asubuhi. Alirudi adhuhuri, akapiga hodi, akasema, "Wameniuliza, nikajibu. Basi mimi bora kuliko Salma, nimeulizwa mwenyewe."

Kwani walimwacha Salma? Thubutu! Bwana Othman alikwenda shamba, akampata sheikh ambaye kwake kimya kinatosha. Akarudi akamwambia mtoto mbele ya watu wa nyumba: "Alhamisi ijayo. Safari hii ulie, ucheke, tutasema umenyamaza." Haya Salma aliniambia mwenyewe, kwa tundu la ua wa makuti, maana kuja kwangu alikatazwa. Mimi nililia. Yeye hakulia. Aliniuliza, "Bi Zuhura, mtu akisema jambo na watu wakasikia, yule sheikh anaweza kusema hakusema?"

Nikamwambia inategemea watu wenyewe.

Kesho yake, watu wanatoka msikitini baada ya sala ya alasiri, dirisha la Bi Kazija likafunguka. Salma kajitanda buibui vizuri, kasimama. "Mimi Salma binti Juma. Sitaki kuolewa na Bwana Kheri." Akafunga dirisha.

Wanaume wazima, Dada, wakaangalia ndara zao! Walinitia kinyaa. Lakini ndiyo siku tulizo nazo. Mtu hasemi hata kuwa mvua imenyesha mpaka ajue kwanza kama imeruhusiwa.

Siku ya pili, saa ile ile, maneno yale yale. Siku ya tatu Bi Kazija alipigilia dirisha misumari, Salma akasemea kwenye upenyo wa mbao. Siku ya nne yule mzee muuza kahawa wa pembeni, ambaye sijapata kumsikia akisema lolote ila bei, akaweka dele lake la kahawa chini, akajibu, "Tumesikia, mwanangu." Siku ya tano walijibu watatu. Siku ya sita sikuwahesabu, nilikuwa nalia ushungi umenirowa, na Selemani alikuwa miongoni mwao, sauti yake naijua.

Alhamisi yule sheikh wa shamba akateremka basi la Bububu, akaja mpaka barazani kwa muuza kahawa. Mimi niko dirishani, nasikia kila kitu.

"Salaam alaykum. Nyumba ya mwari anayeozwa leo ni ipi?"

"Wa alaykum salaam. Mwari yupi, sheikh?"

"Nimeambiwa ni mtoto wa haya sana, mwari wa kunyamaza."

"Mwari tunaye," akasema muuza kahawa. "Wa kunyamaza hatunaye."

Na wale wote waliokaa, wale wale waliokimbilia kumwamkia mwenye funguo, wakasema mmoja baada ya mwingine: amesema hataki, nimemsikia. Nimemsikia. Na mimi nimemsikia. Sheikh akanywa kikombe chake mpaka chini, akauliza basi la kurudi linapita saa ngapi.

Bwana Kheri sasa anatangaza kuwa yeye ndiye aliyemwacha. Tumwachie hilo, maskini. Ni haki yake kusema.

Nibusie mikono ya Baba. Mpe salamu shemeji yangu, mumeo, na mwalimu wetu wa chuo, na wifi yetu aliyenifundisha kukaanga samaki wasishike chungu. Shangazi msalimie pia, mwambie mjukuu wa wachukuzi anamwamkia.

Salma yuko hapa ninapoandika. Jana Bi Kazija alimtupia kanga zake kichochoroni, na sheikh wetu mwenyewe akatuambia tukae naye mpaka watu wa mama yake waje kutoka Makunduchi kumchukua. Selemani amempisha chumba, analala ukumbini na maredio yake. Tangu asubuhi Salma amekaa dirishani anakula embe mbichi kwa chumvi, hajasema neno, na hapa kwetu hakuna anayedai kuwa amekubali lolote.

Mdogo wako mwenye furaha isiyo na adabu,
Zuhura, mke wa Selemani