Bolti za Baba

Kambini, tarehe 3 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti limekupa nafuu na bomba la uani limeacha kuvuja. Sisi hatujambo. Binti yako Kasuku anakusalimu sana, ingawa koo limemkauka. Kila siku tunaupanda mlima kwa gari la mazoezi, mimi kwenye usukani na yeye kando yangu anaita kona moja baada ya nyingine, kushoto kali, kulia taratibu, hanyamazi. Jina ulilompa utotoni kwa kumtania sasa ndilo kazi yake.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu Tajiri, mwenye gari, amekusanya simu zetu zote. Anaogopa siri za gari zisivuje kabla ya mashindano ya kupanda mlima. Barua tunampa dereva wa basi la vifurushi akipita.

Mama, nimekwama. Injini ni aina ile ile aliyoipenda marehemu baba, ila tumeifungia tabo ya kulazimisha hewa iingie, na nguvu zake sasa ni kama mara mbili. Pistoni nimepata za chuma kilichofuliwa, konrodi vilevile, beringi mpya. Kilichokosekana ni bolti za konrodi. Unazijua, ni ndogo kama kidole, lakini ndizo zinazoshika mkono wa pistoni usichomoke. Za kiwandani hazikutengenezwa kwa nguvu hizi. Ikikatika moja tu, mkono unatoboa ubavu wa injini, mafuta yanamwagikia moto, na gari linaweza kukwama magurudumu katikati ya kona. Na kona zenyewe, upande mmoja mwamba, upande wa pili bonde.

Bolti ngumu tuliagiza, zikaja za injini nyingine kabisa. Tajiri amesema injini isipofungwa kabla ya wakaguzi kufika, ataleta fundi mwingine. Tangu karakana ya baba ifungwe nimekuwa mtu wa kuziba pancha za watu. Nikiikosa nafasi hii, mimi na ufundi basi.

Niombee, mama.

Mwanao,
Kichwa Kigumu


Nyumbani, tarehe 8 Machi

Kwa Kichwa Kigumu wangu,

Marahaba, mwanangu. Goti bado lina maneno yake lakini natembea. Bomba halivuji tena kwa sababu halitoi maji kabisa, kwa hiyo tumeshukuru kwa hilo.

Barua yako niliisomea mlangoni, nikaenda moja kwa moja bandani kwa baba yako. Usinieleze bolti ya konrodi kama mgeni. Mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia taa mpaka mkono unakufa ganzi. Nikakumbuka kwamba mwaka ule aliposhindana aliagiza bolti ngumu kutoka mbali, na alivyozingoja alitunyima raha nyumba nzima. Nikapanda juu ya kiti, goti likilia, nikatafuta rafu ya juu kabisa.

Nimezipata! Zilikuwa kwenye kopo la maziwa, seti nzima, zimepakwa mafuta, zimefungwa kwa kitambaa na uzi, hazina chembe ya kutu. Mtu hakifungi hivyo kitu asichokithamini. Kitambaa kilikuwa kimeoza, nikakitupa. Nikazifuta bolti moja moja, nikazifunga upya kwenye kitambaa cha maua kilichobaki tulipomshonea Kasuku gauni. Angalau zikufikie kama zawadi, si kama mzigo wa gereji.

Baba yako amekukumbuka, mwanangu. Kazi njema. Mwambie Kasuku anywe maji ya moto na asijifanye simba.

Mama yako


Kambini, tarehe 13 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo tena na tena. Sisi wazima, na mimi mzima kuliko wote. Nilipokifungua kile kitambaa nilitokwa na machozi mbele ya watu, wakanicheka, nami nikacheka nao.

Zimeingia bila ubishi. Fundi mwenzangu akaniuliza kama nimezipima urefu kabla ya kuzikaza. Nikamjibu kwa ukali kwamba vitu vya baba havipimwi. Nimezikaza kama alivyonifundisha, kwa spana ya kupimia nguvu, taratibu, kila moja kwa zamu yake. Jana tukaiwasha. Kasuku anasema injini inaimba.

Wakaguzi wamekuja wakaifunga injini kwa waya na lakiri. Waya huo ukikatika, gari limetoka mashindanoni, hakuna mjadala. Mbio ni tarehe 23, mipando miwili ya mlima. Tajiri ameniita fundi mkuu mbele ya wote, na tukimaliza mbio salama kazi ni yangu moja kwa moja. Mama, baada ya miaka yote hii!

Ubarikiwe. Nitakununulia bomba jipya.

Mwanao,
Fundi Mkuu


Nyumbani, tarehe 17 Machi

Mwanangu,

Salamu utanisamehe, leo sina. Usiwashe hilo gari. Zitoe bolti. Zitoe zote.

Mzee Rangi, yule aliyekuwa akipaka magari rangi banda la pili kutoka la baba yako, amekuja kunijulia hali. Nikamsomea barua yako kwa kujigamba. Nilipofika kwenye bolti akauliza, "Shemeji, zilikuwa zimefungwa uzi gani?" Nikamwambia uzi mweusi, wa nini? Akaweka kikombe chini, na uso wake ukanikausha damu.

Kumbe baba yako alikuwa na desturi yake. Chuma kizima alikifunga uzi mweupe. Chuma kilichokufa alikifunga uzi mweusi, na bado alikipaka mafuta na kukitunza vizuri vilevile, kwa sababu alisema kikila kutu hakifundishi mtu. Rafu ya juu ilikuwa ya kufundishia vijana. Mimi nilishika taa, mwanangu, sikufundishwa. Na ulipofikia umri wa kupanda rafu ile, yeye alikuwa kitandani.

Bolti hizo zilikuwa ngumu kweli. Lakini siku ile ya mbio zake alikosea gia mteremkoni, injini ikalia kupita kiasi, na alipoifungua alikuta zimevutika. Hakuna iliyokatika. Mzee Rangi anasema bolti ikivutika kupita mpaka wake hairudi tena, ukiikaza inazidi kuvutika tu, na kwa macho huoni tofauti. Ndiyo maana aliweka uzi. Na mimi, kwa mikono yangu hii, nimeutoa uzi nikaweka maua.

Najua maana ya kukata waya huo. Najua umeitafuta kazi hii kwa udi na uvumba. Lakini ndani ya gari hilo moja nina watoto wawili, na sina mwingine. Nakuomba, nakupigia magoti hata hili bovu.

Mama yako


Nyumbani, tarehe 19 Machi

Mwanangu,

Leo nimekwenda ofisi ya vifurushi kuhakikisha. Barua yangu ya juzi nimeikuta mezani, chini ya glasi ya chai. Basi liliharibika. Nimepiga kelele mpaka watu wakadhani nimeibiwa. Nimemwomba dereva anichukue mimi mwenyewe, anasema barabara ya mlimani wameifunga kwa ajili ya mashindano, anaruhusiwa yeye na vifurushi vyake tu. Namba ya Tajiri nimeipata kwa muuza matairi. Inaita mpaka inakatika.

Dereva ameitia barua ile mfukoni mwa shati mbele ya macho yangu. Hii nampa pia, ikipotea moja ifike nyingine. Sili, mwanangu. Nikifumba macho nasikia Kasuku anaita kona.

Zitoe.

Mama yako


Nyumbani, tarehe 22 Machi

Wanangu,

Kesho ndiyo siku na sijapata neno. Sijui hata kama kuna mtu wa kuisoma hii.

Uzi nimeuona. Niliufungia mfuko wa sabuni ya kufulia, na kila siku ulikuwa mbele yangu. Nimeutia humu ndani maana siwezi kukaa nao nyumba moja. Mkiipokea, nijibuni neno moja tu, hata tusi nitafurahi.

Mama yenu


Mjini, kituo cha basi, tarehe 26 Machi

Mama,

Shikamoo. Tuko hai sote wawili. Nimetanguliza hilo, sasa kaa chini usome mengine.

Barua yako ya kuniambia nizitoe niliipata asubuhi ya mbio, pamoja na ile iliyoifuata, Kasuku anavaa kofia yake ya chuma. Niliisoma nikiwa nyuma ya gari. Nikaikunja nikaitia mfukoni. Ndiyo, mama. Nilijua, nikaingia garini. Nilijiambia kwamba zimehimili mazoezi, zitahimili na mipando miwili, kisha nitazitoa kimyakimya na kazi itakuwa yangu. Kasuku sikumwambia kitu.

Mpando wa kwanza tuliongoza. Kule juu Kasuku alicheka mpaka machozi yakamtoka, akasema laiti baba angeona. Halafu akauliza, "Nilikuona na barua, ule si mwandiko wa mama? Anasemaje?" Nikamjibu, "Anakusalimu."

Tukashuka polepole, tukapanga foleni ya mpando wa pili. Akakaza mkanda wake, akafungua karatasi zake, akaanza kuisoma kona ya kwanza kabla hata hatujaruhusiwa, kama kawaida yake. Kushoto kali, kaka, bonde kulia. Hapo mkono wangu ukazima injini wenyewe. Nikachukua koleo nikashuka, nikaukata ule waya mbele ya wakaguzi, nisije nikabadili mawazo. Kisha nikampa barua aisome.

Tajiri sina haja ya kukueleza alivyonifanya, na simu zetu bado amezishika. Kazi imekwenda, na jina langu limekwenda nayo. Lakini kabla ya kufukuzwa niliomba niifungue injini. Bolti tano zilikuwa zimerefuka. Ya sita ilikuwa imekonda shingoni, na ufa umeizunguka zaidi ya nusu. Fundi mwenzangu, yule niliyemfokea, aliivunja kwa vidole vyake akanirudishia vipande.

Usijitese kwa kile kitambaa. Wewe ulifunga zawadi. Asiyepima ni mimi, na aliyemwambia dada yake "anakusalimu" ni mimi.

Kasuku amenyamaza. Tangu siku ile hajanitamkia hata neno moja, na amekataa kupanda basi moja nami. Atakuja la kesho. Mpokee yeye ndani, umpe chakula, umsikilize. Mimi nitafuata kesho kutwa, na nikifika nitalala bandani mpaka atakaponiita.

Barua yako ya mwisho imenikuta hapa kituoni. Ile bolti iliyovunjika nimeifunga kwa uzi wako, inakuja na kifurushi hiki. Irudishe rafu ya juu. Kitambaa ukitaka badilisha, mama, lakini uzi usiuguse.

Mwanao