Neno la Kupumzishwa

Maisaka,
Babati.
14 Juni 2025

Mpendwa Dada Kandida,

Shikamoo dada. Habari za Songea na baridi yake? Shemeji Damasi mgongo umempa nafuu? Huku miili ni mizima, namshukuru Mungu. Mama Marseli anakusalimu sana, na mahindi ya shamba letu la Nangara tumeanza kuvuna. Ila moyo wangu, dada, hauna amani hata kidogo.

Kampuni yetu ya mabasi imepata mwenye mali mpya. Tiketi sasa zinakatwa kwa simu, mabasi ya zamani yanauzwa, na madereva wake hawatakiwi tena. Kazi ya kuwaambia nimetupiwa mimi, msimamizi wa kituo. Wakubwa wako Arusha, wao wanapiga simu tu. Matusi yote naoga mimi hapa stendi.

Tena wakanikataza kusema "kuachishwa kazi", eti linaleta kelele. Niseme "kupumzishwa". Nami nikasema hivyo hivyo kama kasuku. Madereva wengine walielewa palepale. Lakini Mzee Gidamis, unamkumbuka, yule Mbarabaig aliyetuendesha siku ya kumzika baba akakataa nauli? Yeye alinishika kwa mikono miwili akanishukuru. Alidhani nimempa likizo! Akaenda zake kwao Katesh, anawaambia watu kwamba hatimaye bosi amemwonea huruma.

Ningemwita palepale nikamweleza. Sikumwita. Nilijipa moyo kwamba wenzake watamwambia, mwoga mkubwa mimi.

Jana akapiga simu. Amepumzika vya kutosha, Jumatatu anarudi, na mkewe amenifungia asali. Akauliza, "Bosi, umenipangia basi gani?"

Nikamjibu, "Njoo tu, mzee."

Tangu hapo chakula hakipiti, dada. Niliwasihi wakubwa wambakize hata kuosha mabasi, wakaniambia nikiendelea kuwatetea madereva nitawafuata. Nikiacha kazi, watoto nitawalisha nini? Nikibaki, yule mzee nitamtazama kwa macho gani? Nimekwama, sina wa kumlilia ila wewe.

Kesho kanisani siendi. Napanda basi la kwanza nimuwahi kwake kabla hajafunga mzigo. Nitamwambia mbele ya mkewe kwamba ameachishwa kazi, na kwamba mdomo uliomwachisha ni huu wangu. Asali yake waile wenyewe.

Wasalimie shemeji na mwanenu Evangelina. Mungu awafunike kwa rehema zake, nami unitaje kwenye sala.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Apolinary