Jibu Nililompa Mjomba Elungat

Kanisani Mukuju,
kwa Posta ya Tororo, Uganda.
9 Machi 1947

Mpendwa Dada Amoit,

Nakusalimu sana wewe, shemeji Maloba na watoto. Je, homa ya mdogo imekwisha? Na baridi ya Nakuru mmeizoea? Huku tu wazima wa mwili. Mama anakwenda kisimani bila fimbo, na wimbi tumepanda.

Ulipata habari kwamba Mjomba Elungat amefariki, lakini hukuelezwa ilikuwaje. Nataka uisikie kwangu mimi.

Tangu Januari mchungaji alituagiza sisi walimu wa kanisa tusiwangoje watu Jumapili, tuwafuate wanapokaa. Basi kila Alhamisi alasiri nilikwenda kwa Apolot, mpika pombe, ambapo wazee huzunguka chungu cha ajono na mirija yao mirefu. Walinipokea vizuri. Walinipa kigoda, na niliposali walitoa mirija midomoni.

Siku moja nilisoma katika Biblia habari za hukumu ya mwisho. Mjomba akaniuliza mbele ya wote, "Edimu, mwanangu Ecweru alikufa vitani Burma, hakubatizwa. Yuko wapi?"

Dada, ningeweza kusema Mungu ndiye ajuaye. Lakini wote walikuwa wakinitazama, nami nikaona fahari ya kuwa mwenye kujua. Nikasema, "Yuko motoni, Mjomba."

Hakukasirika. Aliuliza tu, "Peke yake?" Kisha akachomoa mrija wake chunguni, akaufuta, akaenda zake nyumbani.

Hakula tena. Siku ya sita mkewe, Amuge, akaniita. Nilikwenda mbio na maji ya ubatizo, nikapiga magoti, nikamsihi. Akanishika mkono polepole, kama alivyotushika utotoni tukivuka mto Malaba.

"Maji hayo wape wengine," akasema. "Mimi nakwenda kwa mtoto. Kule hajui mtu."

Jua halikutua akiwa hai.

Tangu hapo sina raha. Niko shambani mchana kweupe, nasikia nyuma yangu, "Peke yake?" Nageuka, hapana mtu. Amuge hanilaumu hata kidogo, na hilo ndilo linalonimaliza. Ananiletea maziwa.

Alhamisi iliyopita nilirudi kwa Apolot. Kitabu sikukifungua. Niliwaambia wazee, "Nilisema nisilolijua." Mmoja akasema, "Umechelewa, mwalimu." Hakuna aliyenifukuza. Nilikaa nao mpaka walipoondoka, na wiki hii nitakwenda tena, ingawa sijui nitasema nini.

Mama usimwandikie haya. Yeye anajua ni ugonjwa wa tumbo tu uliomwua Mjomba.

Nisalimie jirani zenu Norah na Benedeta, na Benedeta mwambie nguo aliyomshonea Mama ilimtosha sawasawa.

Mungu awafunike ninyi nyote huko, na awafunike Mjomba na Ecweru, popote alipowaweka.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,
Edimu