Betri za Muigai zilikuwa juani

Muna, uko kwa kompyuta? Nimerudi ofisini sasa hivi kutoka nyumbani, na bado siamini.

Jana ulipokuja kwetu Ngoingwa, Muigai alikuwa kwa kiti na zile earphone zake zinazozama ndani ya sikio, kichwa kinaitikia muziki. Nikakwambia ongea tu, huyu mume wangu hasikii kitu. Tukapanga yote mbele yake: nihamie Kahawa Sukari na watoto, nimwachie mama yake nyumba na huyu mwanawe, atawale.

Leo saa ya chakula nimemkuta vilevile, kichwa kinacheza. Nikaenda kuanua mapazia niliyoanika jana. Dirishani kwa jua nikaona betri. Zote! Za Walkman, na za ile amplifaya ndogo ambayo anaapa kwamba bila hiyo na ule waya mnene, earphone za maana haziimbi. Amezianika zipate nguvu.

Muna, zilikuwa hapo jana. Nilizisogeza kwa mkono wangu nikitafuta nafasi ya mapazia, kabla hujafika. Zilikuwa hapo jana!

Sasa kichwa kilikuwa kinaitikia nini?

Nikasimama mbele yake. "Baba Becky, huo ni wimbo gani?"

Hakutoa earphone. Hata macho hakufungua. Akasema polepole, "Mama Becky, hiyo nyumba ya Kahawa Sukari, chumba changu mimi ni kipi?"

Nimetoka bila kula. Niambie haraka: huyu anataka tuhame naye, au ameshamwambia mama yake?