Waliniunga Mkono Pembeni

Ijumaa, Kibiti. Masika yameingia kwa hasira, bati linapigwa tangu alasiri. Mke wangu yuko Nyamwage anamuuguza mama yake. Nyumba ina mtu mmoja, na mtu huyo leo hapendezi kukaa naye.

Jana niliuliza swali kwenye kundi la simu la shule yetu. Siku hizi kazi yote imo humo: ratiba, onyo, rambirambi. Mkurugenzi, mwenye shule, anatupangia zamu za Jumapili akiwa kwake Dar es Salaam, nasi tunajibu "Nimepokea, bosi" kama askari. Nikaandika: haya makato ya pensheni yanafika kwenye mfuko, au yanaishia njiani? Nikaongeza kwamba yuko mwenzetu anayestaafu mwaka huu, ameenda kuulizia michango yake na amekuta miaka mitupu.

Kimya. Wote walisoma, simu inaonyesha.

Kisha ujumbe ukaanza kuja mmoja mmoja, pembeni, kwangu peke yangu. "Umenena, mwalimu, ila usinitaje." "Pamoja sana ticha, niko nyuma yako." Mwalimu wa hisabati alinitumia ngumi tatu, akazifuta alipoona nimeziona.

Nimekulia kwenye dungu, kile kibanda cha juu cha kulindia mpunga bondeni. Nguruwe wakiingia kwa jirani, naye akapiga kelele, unaitikia kwa nguvu hata kama kwako ni salama, maana nguruwe hakimbii sauti moja. Asiyeitikia, asubuhi hasalimiwi. Tungenong'onezana dungu hadi dungu tungekula nini?

Leo, baada ya swala ya Ijumaa, Bi. Mwajuma akaandika kundini. Ndiye huyo anayestaafu. Yeye mwenyewe alinieleza habari zake, akilia. Ameandika: "Michango yangu iko salama. Namshukuru mkurugenzi. Wanaotusemea watuulize kwanza."

Vidole gumba vikamiminika. Vya watu wale wale wa jana.

Nikatoka na mvua hiyo hiyo kwenda kwake, nikitafuta vita. Nilimkuta barazani anapepeta mchele.

"Dada, umenivua nguo mbele za watu."

"Aliyeanza kumvua mwenziwe nani?" Hakuacha kupepeta. "Pale shuleni anayestaafu mwaka huu ni nani kama si mimi? Jina hukulitaja, umetaja umri."

"Haki yako inaliwa, ninyamaze?"

"Hamisi wangu ndiye dereva wa basi la shule. Jana hiyo hiyo kapigiwa simu, kaulizwa mamako anatafuta nini. Moto wako, kaka, unawaunguza hata waliokuja kuota." Akaweka ungo chini. "Na ya kwako umekwenda kuulizia?"

Nikaaga.

Mimi, niliyeandika kuhusu pensheni humu kwenye blogu yangu mpaka watu wa Mtwara na Mwanza nisiowajua wakanitukana na kunisifu, sijawahi kusimama kwenye dirisha la mfuko na kusema jina langu. Si kwa kukosa nafasi. Naogopa nitakachokikuta. Nina miaka hamsini na mbili na nimepaza sauti kwa kidonda cha mwanamke mwingine kwa sababu changu sitaki kukifunua.

Alinikaribisha chai. Nilikataa, na sasa najuta, maana hapa hakuna wa kuninywesha hata maji. Simu inawaka kila dakika, wasomaji wa mbali wananipongeza kwa ushujaa. Hakuna hata mmoja ninayeweza kumgongea mlango.

Jumatatu nakwenda dirishani. Nikikuta pengo, nitaliandika kundini: jina langu, miaka yangu, bila kumgusa Bi. Mwajuma. Najua kitakachofuata. Huenda Jumanne sina kazi.

Mke wangu lazima ajue kabla ya kundi. Nampigia sasa.