Kambale, Munara Wetu Una Mawe Yaliyokufa

Kambale, ndugu yangu,

Usicheke herufi zangu. Zimesimama wima kuliko za karani, na sikuzipima na kamba. Leo mvua imekataza kazi, nimekaa kwangu. Lakini kukaa gani? Naamka, natazama munara toka mulangoni, narudi, naamka tena.

Tangu tulipokuzika, munara wa kanisa umepanda sana. Umepita ile nyumba ya etaje mbili, ile ghorofa karibu na bandari, ile uliyosema madirisha yake yanatazama watu kwa kiburi. Sasa sisi ndio tunaitazama toka juu, na mabati yake yana kutu! Watu wanaotoka Kibati na viazi wanauona wakiwa bado mbali, wanaulizana nani anajenga. Ni mimi. Nani mwingine? Goma nzima hakuna mukono unaokata jiwe la volkano kama huu wangu. Hata wewe ulijua, ingawa hukusema.

Wewe ulikuwa na masikio. Hiyo nakubali, kwa sababu umekufa. Mimi nagonga jiwe na nyundo, halafu natazama uso wako. Ukiinua nyusi, jiwe ni zima, linalia kama chuma, linaenda ukutani. Ukivuta mudomo, ndani ni matundu kama mukate, tunalitupa. Watu walisema, "Muzee Sebuhoro anasikia jiwe." Kumbe nilikuwa nasoma nyusi. Masikio yangu nyundo iliyala zamani, na wewe peke yako ulijua. Umekwenda na siri hiyo kaburini.

Unakumbuka siku ile tunakula ndizi za kuchoma kule juu? Ukaniuliza kwa nguvu: "Kengele ikilia, wewe utasikia nini?" Nilikasirika, sikusema nawe siku mbili. Ya tatu ukachukua mukono wangu, ukauweka ukutani, ukagonga upande wa pili. Nilisikia, Kambale. Kwa mukono.

Halafu homa ikakuchukua. Kapita wetu, yule anayesimamia kazi, akaniuliza: "Muzee, tukutafutie mutu wa kukusaidia kuchagua mawe?" Nikamujibu: "Mimi nilichagua mawe wewe ukiwa bado unatambaa!" Watu wakacheka, nami nikavimba kifua. Nikagonga, nikainua nyusi zangu mwenyewe. Mistari minne ya mawe imepanda hivyo, kwa pembe ya upande wa ziwa.

Jana muke wako, Mama Kavira, alikuja kunipa nyundo yako. Alinikuta nagonga. Akasogea, akasema kwa sauti kubwa: "Shemeji, hilo limekufa!" Nikamwambia mawe si maharagwe, arudi kwake. Hakurudi. "Nimeolewa na mutu aliyegonga sufuria zangu zote, hata goti langu akiwa na furaha. Nisijue sauti ya kitu kizima?" Akainua nyundo yako, akapiga mara moja. Jiwe likapasuka vipande viwili. Matundu, Kambale. Matundu matupu. Akanitazama masikio, si macho, akaniwekea nyundo yako mukononi, akaenda zake. Yule mama ana heshima yako ile ile.

Tangu hapo sipati raha. Kengele imeshafika kwa meli, imelala chini ya turubai, wanaume sita wameshindwa kuinyanyua. Ndiyo itakayokaa juu ya mistari yangu minne, na watu wakipita chini kwenda misa. Kesho kapita anafunika pembe ile na simenti. Ikisha kufunikwa, hakuna atakayejua. Nikisema, watanicheka mpaka Rutshuru: fundi mukubwa, kumbe kiziwi! Leo nimebomoa ile pembe kichwani mara kumi, nimeijenga tena mara kumi.

Mvua imepunguka.

Basi sikia, wewe unayesikia. Kesho, kabla hawajachanganya simenti, nitapanda, nitasema mbele ya wote: mistari minne ibomolewe, ni mimi niliyekosa, sisikii. Watacheka. Wacheke, wao wako chini na mimi niko juu! Halafu nitamuomba Mama Kavira akae kwenye lundo la mawe, mimi nigonge, nitazame nyusi zake. Atanitukana kwanza, najua. Nitavumilia.

Lala, ndugu yangu. Siku kengele italia, wengine watainua vichwa. Mimi nitaweka mukono kwa pembe ile, kama ulivyonionyesha, na nitasikia.

Sebuhoro, fundi wa munara