Kaka Anataka Kujua Nani Yuko Chini ya Kofia

Mshauri mpendwa, naomba unisome hadi mwisho ndipo unikaripie, maana sina mwingine wa kumwambia. Kazi yangu ni kuingiza sauti za Kiswahili kwenye tamthilia ya chombo cha anga ambayo ina miaka kumi na moja hewani, studio yetu ni chumba kimoja chenye mablanketi ukutani, tuko watu wanne tunagawana wahusika arobaini, kwa hiyo mimi nilikuwa yule daktari aliyeungua na chombo chake mwaka wa nne, na alipokuja Mwenye Kofia, yule asiyevua kofia yake ya chuma, sijui hata anakula vipi, mkubwa wetu akanipa na huyo kwa sababu mwenzangu alikuwa na mafua wiki ile.

Basi mashabiki wakasikia sauti ni moja wakaunganisha, Mwenye Kofia ndiye daktari, hakufa, wanabishana kwenye makundi ya simu mpaka wanatukanana, na kinara wao ni kaka yangu wa tumbo moja, nami sikumsahihisha, nakiri ilinifurahisha kuona watu wanaijadili sauti yangu.

Mke wa kaka aliungua kwenye moto wa kiwanda miaka mitano iliyopita, tukazika jeneza lililofungwa, binti yao alikuwa na miaka mitatu akaambiwa mama amesafiri, na mpaka leo hajaambiwa kingine. Sasa ini la kaka limekwisha, hospitali wamemrudisha nyumbani, wanasema ni wiki chache tu, na kipindi ambacho kofia itavuliwa kitaonyeshwa baada ya miezi mitatu. Mimi nimeshakirekodi. Si daktari, ni mtu mwingine kabisa, na nimesaini karatasi ya kutunza siri, nikiitoboa nafukuzwa.

Jumamosi mchana nilikuwa namkanda miguu, akanishika mkono akasema, "Mdogo wangu, niambie tu. Ni yeye?" Nikanyamaza. Akauchukua ukimya wangu kuwa ndiyo, akatabasamu, sijamwona akitabasamu vile tangu msiba, akamgeukia binti yake, "Unaona? Walisema ameungua." Mtoto akauliza, "Na mama je?" Kaka akamjibu, "Tusubiri."

Nimwache aondoke na furaha yake, au nivunje siri? 

Sauti Mbili


Sauti Mbili,

Pole sana. Nimeisoma barua yako mara mbili, ya kwanza nikakuhurumia, ya pili nikakasirika. Umejaza habari za kofia, na mtoto umemtengea mistari michache.

Kaka yako hakuulizi mambo ya televisheni. Anajua mkewe alikufa, alikuwepo mlipozika jeneza lililofungwa, kama ulivyoandika mwenyewe. Mashabiki wengine wanakisia kwa kujifurahisha na hawana kosa. Yeye amekisia ili asimwambie mtoto, na wewe ukamruhusu kwa kunyamaza.

Hiyo furaha ataondoka nayo yeye. Mtoto ataachiwa wewe. Baada ya miezi mitatu atakuwa kwenye kochi lako, kofia itavuliwa, ataona uso wa mtu baki, na hapo ndipo atakapojua mama yake harudi, tena kwa sauti yako wewe, shangazi yake.

Karatasi yako iache kabatini. Inakukataza kusema nani yuko chini ya kofia, haikukatazi kusema kwamba mko wanne na mwenzako alikuwa na mafua. Hilo ungelisema tangu mwanzo, ila ulipenda kusifiwa. Mwambie kaka yako asubuhi akiwa na nguvu, mtoto akiwa shule. Atakukasirikia, na huenda asipate muda wa kukusamehe. Vumilia.

Mtoto akirudi, baba yake amwambie mwenyewe: mama alikufa, na mimi naumwa, sitapona. Asiseme amesafiri, asiseme amelala. Akishindwa, sema wewe, yeye amshike mkono. Atalia, atauliza mengi, na mengine hutakuwa na jibu lake. Mwambie hujui.

Kisha mpeleke akaone kaburi la mama yake wiki hii hii, baba angali hai, ili mara yake ya kwanza kufika pale isiwe siku ya kumzika baba.